Kumi na Nane kwa Mia

Wiki tatu zilizopita tulimzika Mzee Njuguna. Kabla ya mazishi kulikuwa na maombi nyumbani kwake Kawangware, hema limefungwa kwenye uwanja ulio kati ya nyumba yake na zile safu za vyumba vya kupangisha alivyojenga kimoja kimoja kwa mshahara wa ukarani. Kijana aliyekuwa akiongoza ratiba akanipa kipaza sauti. "Dakika mbili tu, Mama," akaniambia, "wewe ndio mtoto wake wa kazini." Nikasimama, nikasema Mzee ndiye aliyenifundisha vitabu vya hesabu, nikasema bila yeye singekuwa mhasibu, watu wakapiga makofi, akina mama wakaitikia amina. Nikaketi. Nililetewa sahani ya wali na nyama, nikaisukuma kando bila kuionja. Mama mmoja aliyeketi kando yangu akanipapasa mgongo, "Pole, pole sana, wacha machozi yatoke." Machozi gani? Mimi nilikuwa na hasira. Nimekuwa na hasira hiyo zaidi ya miaka arobaini, na kila mtu akinisifu kwa sababu ya Mzee Njuguna inachemka upya. Leo nataka kuieleza, kwa sababu aliyebaki wa kuficha jambo hili ni mimi peke yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa karani wa vitabu katika kampuni moja ya mbao kule Industrial Area. Nilikaa Makina, Kibera, chumba kimoja na rafiki yangu Peres, kitanda chake huku, changu kule, katikati pazia la leso mbili zilizoshonwa pamoja. Meza ilikuwa moja. Mchana ilikuwa ya Peres, aliyekuwa akikaanga samaki na kuuza mlangoni. Nikitoka kazini alikuwa ameshaifuta kwa limau ili karatasi zangu zisinuke, lakini zilinuka vilevile, na mpaka leo nikishika kitabu cha hesabu natarajia harufu ya samaki aina ya mbuta. Ukuta ulikuwa wa udongo, na udongo hauna siri. Jirani akikohoa, unampa pole ukiwa kitandani kwako.

Chumba cha vitabu pale kazini kilikuwa na watu wanne na mkubwa wao alikuwa Mzee Njuguna, karani mkuu, mzee wa kanisa, mwenye shamba lake na wapangaji wake, mtu ambaye hata meneja alimwita Mzee. Alikuwa na sheria moja: hugeuzi ukurasa kama pande mbili hazijalingana. Kushoto na kulia, jumla iwe moja, ndipo uende mbele. Kila Ijumaa alikuja na chupa kubwa ya chai na mikate miwili, akaviweka juu ya kabati, na hakuna aliyegusa mpaka vitabu vya wiki vilingane. Ijumaa moja tulipotewa na senti kumi. Senti kumi, jamani! Tulikunywa ile chai saa kumi na nusu, imepoa kabisa, na Mzee alikuwa anatabasamu kama bwana harusi kwa sababu ile senti ilikuwa imepatikana kwenye risiti ya misumari. "Mnaona?" akasema. "Iko humu ndani. Haiwezi kwenda mahali. Ni wewe tu utachoka kabla yake." Alinifundisha mbinu zote. Tofauti ikigawanyika kwa tisa, umebadilisha tarakimu, umeandika hamsini na nne mahali pa arobaini na tano. Ikigawanyika kwa mbili, kuna kitu umekiweka upande usio wake. Nilizijua mbinu hizo vizuri kuliko sala zangu, na nilimpenda Mzee kwa kunipa, wacha niseme ukweli, nilimpenda sana.

Halafu meneja akatuita sote, akasema kuanzia mwaka ujao mkuu wa chumba cha vitabu lazima awe na cheti cha uhasibu. Wakaguzi wamelalamika. Mtihani ni mwezi wa sita, atakayepita kati yetu atapewa meza ya karani mkuu, na kama hakuna atakayepita, ataletwa mtu kutoka nje. Wengine wawili wakacheka, wakasema wao na mitihani waliachana shuleni. Mzee Njuguna hakusema kitu, alikuwa akipangusa miwani. Mimi nilikuwa nimeshajiandikisha tayari, na nilikuwa nikienda masomo ya kila Jumamosi mjini, kwenye chumba cha juu ya duka la vitambaa. Nikatoka pale nimevimba kichwa. Niliiona ile meza, niliona kiti kile chenye mito, niliona nimehama Makina na kuchukua nyumba yenye bafu ndani pale Ayany. Nani wa kunizuia? Mimi ndiye niliyekuwa nikizipata senti.

Mwezi wa nne mwalimu wetu, Bwana Wekesa, akatupa mtihani wa majaribio, maswali matano kwa saa tatu, sawa na ule wenyewe. Jumamosi iliyofuata alibandika majibu ukutani, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilianza kusoma kutoka juu. Watu thelathini na mmoja. Nikashuka, nikashuka, mpaka nikapiga goti, na hapo chini kabisa, wa thelathini na mmoja, jina langu, Auma, kumi na nane kwa mia. Nyuma yangu vijana wawili waliotoka shule juzi, ambao hawakuwahi kushika kitabu cha kampuni hata siku moja, mmoja amepata sabini, walikuwa wananong'ona: "Si huyo ndio ati anafanya kazi ya accounts?" Nikageuka nikamwambia, "Sema kwa sauti basi, mdomo umekodisha?" Bwana Wekesa akapaza sauti kutoka mbele: "Makarani mnisikilize. Mtihani huu si ofisi. Mtu akiona hawezi, asipoteze pesa yake ya mwezi wa sita. Kuna kazi nzuri nyingi zisizotaka cheti." Alikuwa ananitazama mimi. Nilichukua karatasi yangu, sikuifungua, nikatoka bila hata kwaheri.

Nilitembea kutoka mjini mpaka Makina kwa miguu. Nilipofika karibu na bomba la maji nikasikia sauti ya Peres, amekaa na wenzake wakingoja madumu yajae, na mtu alikuwa ameshamfikishia habari kabla yangu, sijui kwa mabawa gani. "Kumi na nane!" Peres anasema. "Yawa! Hata mimi nikiingia nimefumba macho, niandike jina na nichore samaki, nitapata kumi na nane." Wakaangua kicheko. Nikapita katikati yao, nikaingia chumbani, nikakuta ameniwekea ugali na dagaa wa omena kwenye bakuli. Nilikula? Nililichukua lile bakuli na kulipiga ukutani, jirani upande wa pili akauliza, "Nyinyi, ni salama?" nikamjibu, "Salama yako wewe!" Peres akaja mlangoni, akatazama omena walivyosambaa, akasema pole pole, "Hiyo ni chakula yangu pia, Auma." Aliinama akaanza kuokota, na mimi nikakaa kitandani nikimtazama anaokota, nimekasirika kiasi kwamba sikuweza hata kumwomba msamaha. Nilimwomba kesho yake asubuhi, akiwa amenipa mgongo, na akasema amesikia.

Jumatatu wakati wa chakula cha mchana nilikwenda kumkabili Bwana Wekesa ofisini kwake. Nilikwenda kugombana. Nilimwambia amenidhalilisha mbele ya watoto, nimefanya vitabu miaka mitano, hakuna siku vitabu vyangu vilitoka bila kulingana. Akaniacha nimalize. Akaniuliza, "Umefungua karatasi yako?" Sikuwa nimeifungua. Akainyoosha mezani. Swali la kwanza lilikuwa kumi na nane kwa ishirini. Ukurasa uliofuata ulikuwa mweupe, na uliofuata mweupe, na wa nne na wa tano. "Swali la pili ulilisoma?" Nikasema hapana. "La tatu?" Hapana. "Saa tatu ulikuwa unafanya nini, mama?" Nikamwambia kwa hasira kwamba pande mbili zilikuwa zimetofautiana kwa shilingi tisini, na tisini inagawanyika kwa tisa, kwa hiyo kuna tarakimu mahali nimezigeuza, nilikuwa nazitafuta. Akanitazama, na kile kiburi cha Jumamosi kikamtoka usoni. "Hiyo tisini ni alama mbili," akasema. "Umeacha alama themanini mezani ukitafuta mbili. Hawa watoto wenyewe pande zao hazikulingana, nusu yao. Waliacha hivyo hivyo wakaenda mbele. Swali moja ni dakika thelathini na sita. Zikiisha, unaacha, unageuza. Ni nani alikufundisha kukaa?"

Ni nani alinifundisha kukaa! Wiki nzima swali hilo lilinizunguka kichwani, na kila nilipomwona Mzee Njuguna amekaa kwenye kile kiti damu ilinipanda. Jumapili baada ya kanisa nilivuka Ngong Road nikaenda Kawangware. Nilikuwa nimezoea kwenda kwake karibu kila Jumapili, tunakula, ananipa mazoezi. Safari hii nilikwenda na karatasi yangu kwenye mkoba, nimeapa nitamwekea mbele yake na kumwambia: wewe ndiye. Mzee alikuwa bado kwenye kikao cha wazee wa kanisa, kwa hiyo nikaingia jikoni kwa mkewe, Mama Wanjiru, jiko la nje lenye moshi na sufuria kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe, ikitokota. Akanipa kisu na viazi nimenye. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliona uso wangu. "Ni mtihani?" akauliza. Nikamwambia nimeanguka vibaya. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Usijali. Hata Mzee ameanguka mara tano."

Kisu kikasimama mkononi. "Mzee gani?" Akanitazama, akajua amekosea. "Ngai! Hajakwambia? Huwa anafanya kila mwaka. Hata hii ya mwezi wa sita amejiandikisha. Wacha, usimwambie nimesema, anaona haya." Akageukia sufuria, akaanza kukoroga githeri isiyohitaji kukorogwa. Nilimenya kiazi kile mpaka kikabaki kama punje. Basi ndiyo maana alinyamaza meneja alipotangaza! Yuko kwenye mtihani ule ule, anaitaka meza ile ile, na mimi nakuja kwake kila Jumapili kama kondoo, nakula chakula chake, ananifundisha kukaa ukurasa wa kwanza. Nilijiambia: mzee huyu amenizamisha makusudi. Niliamini hivyo, na nataka ieleweke kwamba niliamini kwa moyo wote, kwa sababu hicho ndicho kisingizio changu pekee.

Mzee alikuja, tukaketi sebuleni, vitambaa vyeupe vya kufumwa juu ya kila kiti, picha ya harusi yao ukutani. Githeri ilikuwa tamu na viazi vilikuwa vichache. Akauliza, "Majaribio yalikuwa namna gani, msichana wangu?" Nikasema nimepata kumi na nane. Alisikitika, niliona wazi, lakini nikajiambia anaigiza. Akaweka kijiko chini. "Ulienda haraka," akasema. "Nakujua. Uliharakisha ile ya kwanza ndio uende mbele. Mtihani unataka utulivu. Kaa hapo mpaka ikubali." Kisha akasogea mbele kidogo, na sauti yake ikashuka, "Na mwalimu alisema nini?" Karatasi ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa miguuni pangu. Ningeitoa tu. Ningesema, Mzee, mwalimu amesema dakika thelathini na sita, halafu unageuza. Nilimtazama machoni nikamwambia, "Alisema nisome zaidi." Akaitikia kwa kichwa, akasema ni kweli, hata yeye anaona hivyo, akaniongezea chai.

Basi mimi na Peres tukaingia wiki sita za kujifunza kuacha. Mtu asiyewahi kuwa karani hawezi kujua jambo hilo lilivyo gumu. Peres alinunua saa ya mezani yenye kengele, kwa pesa yake, baada ya yote niliyomfanyia, akaiweka mlangoni karibu na karai lake la kukaangia, na kila jioni kabla giza halijaingia mimi niko mezani, yeye yuko na samaki wake. Dakika thelathini na sita zikiisha alipiga karai kwa mwiko, "Geuza!" Namwambia bado kidogo tu, imebaki shilingi nne. "Geuza!" Namwambia nimeshaiona, iko hapa hapa. Anakuja na mikono yake ya mafuta, anageuza ukurasa mwenyewe, alama za vidole zinabaki kwenye karatasi. Siku ya kwanza nililia. Kweli nililia, mtu mzima, kwa sababu ya shilingi nne za kampuni isiyokuwepo. Wateja wanasimama wanatazama, "Huyu ana nini?" Peres anawaambia, "Anaachishwa ziwa." Nilimtukana Peres, nikamtukana Wekesa, na zaidi ya wote nikamtukana Mzee Njuguna, kila ukurasa uliogeuzwa ulikuwa na jina lake. Hasira ilinisaidia. Wiki ya nne niliweza kuacha kabla Peres hajapiga karai.

Kazini Mzee alikuwa anasoma kwa kujificha. Chakula cha mchana alifungua gazeti kubwa, na ndani ya gazeti palikuwa na kitabu. Nilikuwa nakaa hatua tano kutoka kwake. Mara mbili au tatu maneno yalinijia mpaka mdomoni, mara nyingine kwa huruma tu, kwa vile alivyokuwa akisogeza midomo kama mtoto wa darasa la pili. Kila mara nilijikumbusha: alinizamisha. Kila mara niliitazama ile meza. Nikarudi kwenye kazi yangu.

Siku ya mtihani niliingia ukumbini mapema, nikapata nafasi nyuma. Mzee alikuja dakika za mwisho, amevaa suti ya kanisa, akaketi safu mbili mbele yangu, upande wa dirisha. Hakuniona. Tukaambiwa tuanze. Swali la kwanza langu likakataa, tofauti shilingi thelathini na sita, na thelathini na sita inagawanyika kwa tisa! Mwili mzima ulitaka kukaa. Nilitazama saa ya ukutani, nikaacha, nikageuza. La pili likaenda. Nilipoinua kichwa kunyoosha shingo, nilimwona Mzee. Ukurasa wa kwanza. Nikafanya la tatu. Nikainua kichwa. Ukurasa wa kwanza. Kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye safu ya tarakimu, kinafika chini, kinarudi juu, kinaanza tena, polepole, kwa ule utulivu alionifundisha. Nikafanya la nne, ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo nilipojua. Mzee wa watu hakuwa amenizamisha. Alikuwa amenipa chote alichokuwa nacho, na chote alichokuwa nacho ndicho kilichomwangusha mara tano. Hakuna aliyewahi kumwambia. Na aliyejua, akajua kwa wiki sita, alikuwa nyuma yake amefunga mdomo. Nikaandika swali la tano. Mkono ulikuwa unaandika vizuri tu.

Nje tulikutana kwenye ngazi. Aliponiona hata hakushtuka, aibu yake yote ilikuwa imeyeyuka, uso unameremeta. "Auma! Nimeipata!" akasema. "Dakika kumi za mwisho, nimeipata! Sitini na tatu, nilikuwa nimegeuza tarakimu mahali. Imelingana kabisa." Akanishika bega. "Yako ilikubali?" Nikasema haikukubali. Nikasema niliiacha. Uso wake ukabadilika, akanihurumia kweli kweli, yule mzee, akanivuta kando ya ngazi ili watu wapite. "Usilie," akasema, kwa maana nilikuwa nimeanza. "Hii si mwisho. Mimi nimeanguka mara tano na bado niko. Utarudia, na nitakufundisha, tutaanza upya pole pole." Akatoa kwenye mfuko wa koti mahindi mawili ya kuchemsha, Mama Wanjiru alikuwa amemfungia, akaniwekea mkononi lile kubwa.

Majibu yalipotoka nilikuwa na sitini na nne, yeye ishirini. Nilipewa meza, yeye akapelekwa stoo kuandikisha mbao zinazoingia na kutoka, na alinipongeza mbele ya wote, akasema kila mzazi anaomba siku kama hii. Hapo bado ningemwambia, lakini ningemwambia vipi bila yeye kuuliza nilijua lini? Alifanya mtihani ule mara mbili zaidi kabla ya kustaafu. Kila mara, siku moja kabla, alipanda kutoka stoo na vumbi la mbao kwenye nyusi, akasimama mbele yangu, akaniomba nimwombee. Na mimi nilifumba macho nikamwombea.